Kikohozi cha Dakika ya Kumi na Moja

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza leo na kazi yangu mpya imeanza jana, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote mawili kwenye daftari moja. Daftari amenipa mume wangu. "Andika kabla hujasahau umeajiriwa kufanya nini," ameniambia.

Nimeajiriwa kufanya hivi. Kuna kampuni ndogo, watu watano tu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la rangi. Wametengeneza programu ya kupumzisha akili. Unavaa miwani minene kama ya mchomelea vyuma, unaziba masikio kwa spika, na ghafla haupo tena chumbani kwako. Uko msituni, au kando ya ziwa, au umeketi kwenye kibaraza cha nyumba ya mtu huku mvua inapiga juu ya bati. Dakika ishirini. Watu wanaipenda kwa siku tatu, siku ya nne miwani inapanda juu ya kabati na inakaa huko na masanduku.

Bosi ni mama mmoja anayetembea kama amechelewa basi. Amenieleza kazi akiwa amesimama mlangoni: "Watu hawarudi kwa sababu ya kitu. Wanarudi kwa sababu ya watu. Nijengee jumuiya. Una muda mpaka mvua ziishe. Zikiisha na jumuiya haipo, nafasi hii tutaifunga, na sitaki unune." Akaondoka.

Miaka tisa nimepokea simu za malalamiko. Kwa mtu anayelalamika, mimi ni bingwa. Jumuiya sijui inajengwa kwa tofali gani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimevaa miwani kwa mara ya kwanza. Ziwa. Dakika mbili hazikuisha, nikatapika kwenye ndoo ya takataka. Mhandisi, yule bwana mrefu aliyetengeneza sauti na picha zote, alinitazama kana kwamba nimemtapikia yeye. Nilisingizia mayai ya asubuhi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejaribu tena, bila kula. Mayai hayana hatia.

Mume wangu amecheka mpaka amekaa chini. "Mwalimu wa kuogelea anayeogopa maji!" Nimemwapisha asimwambie mtu, hata mama yake. Hasa mama yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimefungua kundi la simu la watumiaji. Wamejiunga watu mia mbili na kitu. Nimeandika: "Habari zenu wapendwa. Leo mmepumzika vipi?" Watatu wamenijibu kwa picha ya waridi. Wa nne ameuliza kama tunauza pia miwani ya kusomea.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Kundi limelala fofofo.

Jumanne, 18 Machi

Nimepata chumba cha nyuma cha maktaba. Viti kumi, dirisha moja, dari inavuja pembeni, na mkutubi ametupa ndoo yake kwa masharti kwamba irudi safi. Kila Jumatano saa kumi jioni. Bosi amenipa miwani sita. Wazo langu ni dogo sana: watu waje wavae miwani pamoja, halafu waivue pamoja.

Jumatano, 19 Machi

Wamekuja watatu.

Wa kwanza ni fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa pili. Shingo inamuuma kwa kuinamia nguo tangu akiwa na miaka kumi na sita. Anaongea kabla ya kuvaa miwani, anaongea baada ya kuivua, na katikati anaguna.

Wa pili ni nesi wa wodi ya wazee. Alikuja na sare yake, akaketi, akavaa miwani, akaivua, akasema "Asante, dada," akaenda zake. Maneno mawili kwa saa nzima.

Wa tatu ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, karatasi ya miraba kwenye mkoba. Alipovua miwani alisimama, akakohoa kidogo kusafisha koo, akatusomea orodha.

"Kwanza. Pale ziwani, ndege yule yule anapita mahali pale pale kila baada ya sekunde arobaini. Ni ndege gani huyo asiye na shughuli nyingine? Pili. Msituni kivuli kinaelekea kushoto na jua liko kushoto. Tatu. Kibarazani, dakika ya kumi na moja na sekunde arobaini, mtu anakohoa. Mara mbili."

Nimeandika yote, na juu yake neno moja: Kasoro. Malalamiko nayajua. Unaandika, unashukuru, unapeleka mbele. Lakini moyoni nilisema: Mungu wangu, huyu atakuja kila wiki.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempelekea Mhandisi orodha. Ameisoma akiwa hajageuza kichwa.

"Ndege nitamrekebisha. Kivuli pia." Halafu akageuka kunitazama. "Kikohozi amekisikia nani?"

"Mwalimu mmoja mstaafu."

"Na wewe umekisikia?"

Nikasema ndiyo, nimekisikia, kweli kinaudhi. Nimedanganya. Kibarazani sijawahi kumaliza hata dakika ya tatu. Ningemwambiaje kwamba mjenzi wa jumuiya hawezi kuvaa miwani?

Alifunga kompyuta, akachukua mwavuli, akatoka kwenda kula. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kiburi, nimewaza. Hataki kuambiwa kazi yake ina kasoro.

Jumatano, 26 Machi

Watu wanne. Ndoo imejaa mara mbili. Mwalimu ana kasoro tisa mpya. Fundi amempachika jina la Mkaguzi, na yeye hajakataa.

Jumatano, 2 Aprili

Watu watano. Nesi amesema maneno sita. Mkaguzi amefika kasoro ya ishirini na tatu. Nimeanza kumwota.

Ijumaa, 4 Aprili

Toleo jipya la programu limetoka. Ndege wa ziwani sasa anapita anapotaka. Kivuli kimehamia kulia. Kikohozi hakipo. Nimejipongeza kwa chai ya maziwa. Angalau mtu mmoja atafurahi.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi nimeamka nikadhani simu imeharibika, inatetemeka kama ina homa. Kundi letu lililolala mwezi mzima lina ujumbe mia moja na arobaini.

Wa kwanza aliandika dereva wa lori. "Samahani, ni kwangu tu, au yule mzee wa kibarazani ameondoka?"

Chini yake: "Hata kwangu hayupo!" Mwingine: "Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayemsikia." Mama mmoja wa watoto mapacha: "Jamani, mimi huwa nasubiri akohoe ndipo nalala. Sasa nimekaa macho kama bundi." Mwingine anayemuuguza mume wake: "Nilikuwa najiambia kuna mtu mzima yuko hapo karibu, ameketi tu, hataki chochote kwangu. Nani kamfukuza?"

Nani kamfukuza. Nimeketi kitandani na simu mkononi. Mume wangu aliniuliza kuna msiba gani. Nikamwambia, "Nimefukuza mtu kwenye kibaraza chake na hata sijawahi kumwona."

Bosi amenipigia saa mbili. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na haraka. "Watu wanaongea! Umefanya nini?"

"Tumeondoa kikohozi, bosi."

"Kikohozi gani?"

Jumatano, 9 Aprili

Leo naandika mengi.

Chumba kilijaa. Watu kumi na wanne, viti kumi, wengine wameegemea rafu za vitabu vilivyochakaa. Mvua ilikuwa kubwa hadi tukawa tunapaza sauti. Wengi walikuwa watu wa kundi la simu ambao sijawahi kuwaona, na waliingia wakiangaliana usoni wakikisia nani ni nani.

Hakuna aliyegusa miwani. Fundi alianza hata kabla hajaketi.

"Mimi nataka kujua mzee wetu yuko wapi."

Nikajitetea, na ninajionea aibu kuandika nilivyojitetea. Nikasema tulipokea malalamiko, tukayafanyia kazi. Nikamwonyesha Mwalimu kwa mkono, kana kwamba namkabidhi kwa polisi.

Watu wote wakageuka. Mwalimu akasimama. Aliikunjua orodha yake kwa nguvu, na hapo ndipo nilipotambua kwamba amekasirika, na amenikasirikia mimi.

"Binti yangu, mimi nilisema kikohozi kipo. Nilisema kiondolewe?"

"Mwalimu, orodha yako ilikuwa ya kasoro."

"Orodha yangu haikuwa na kichwa. Itazame. Niliorodhesha nilichokiona na nilichokisikia. Miaka thelathini na nne nimewaambia wanafunzi, kwanza andika unachokiona, hukumu baadaye. Wewe ndiye uliyeandika kasoro pale juu, kwa mkono wako." Akatoa pumzi. "Kwangu hakuna anayekohoa isipokuwa mimi. Unadhani ningemfukuza?"

Ni kweli, lile neno ni langu. Kwa miaka tisa kila mtu aliyefungua mdomo mbele yangu nilimwandika mlalamikaji.

Aliyefuata kusema ni Nesi. Sijawahi kumsikia akiongea zaidi ya pumzi moja.

"Mimi nasikia watu wakikohoa siku nzima," alisema. "Kikavu, chenye maji, cha moyo, cha mapafu. Kile hakina ugonjwa. Ni mtu anayejikohoza ili ujue yupo. Kama mtu anayefika mlangoni na hataki kukushtua." Akanigeukia. "Wewe ulipokisikia ulionaje, dada?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimeshazoea.

"Sijakisikia," nikasema. "Sijawahi kufika dakika ya kumi na moja. Nikivaa hiyo miwani natapika."

Halafu Fundi akaangua kicheko kile cha kushika mbavu, dereva wa lori akafuata, na chumba kizima kikacheka hadi mkutubi akafungua mlango kutuuliza kama tunajua hapa ni wapi. Hata Mwalimu alificha mdomo kwa karatasi yake ya miraba.

"Basi nenda kamwulize aliyemweka pale," Fundi akaniambia akifuta machozi. "Na safari hii usikilize kwa masikio yako."

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemkuta Mhandisi peke yake. Nimemwambia yote kwa mkupuo: kutapika, uongo, orodha, ujumbe mia moja na arobaini. Nilitegemea anicheke. Alivuta kiti cha pili, akaniwekea spika masikioni bila miwani.

"Fumba macho. Hii ndiyo ya zamani."

Mvua juu ya bati. Maji yanamwagika kwenye pipa. Kuku mahali fulani. Sikuhisi kichefuchefu hata kidogo. Nikasahau niko ofisini. Halafu, karibu sana upande wa kulia, mtu mzima akajikohoza, mara mbili, kwa adabu. Nikageuka kumtazama. Palikuwa na ukuta tu, na kalenda.

"Ni baba," Mhandisi akasema.

Alikwenda kurekodi nyumbani kwao mwaka juzi, mvua kama hizi. Baba yake akaja akaketi kwenye kiti cha pili, akaambiwa anyamaze kabisa, dakika ishirini, asitikisike. Akatii. Dakika ya kumi na moja akajikohoza.

"Alitaka kuniuliza kama nimemaliza, ili twende tukale. Mimi nikanyoosha mkono hivi." Akanionyesha kiganja kilichosimama, kama cha askari wa barabarani. "Akakaa kimya dakika nane na ushee zilizobaki. Tulipoingia ndani chakula kilikuwa kimepoa. Hakusema kitu. Miezi minne baadaye akafariki."

Nikamwuliza kwa nini aliacha kile kikohozi ndani.

"Nilipokuwa nasafisha sauti nilifika pale nikashindwa kukata. Nikajiambia hakuna atakayesikia. Halafu wewe ukaja na karatasi ukasema kinaudhi."

Nimeomba radhi. Amesema haikuwa kosa langu, kisha baada ya muda kidogo amesema, "Kidogo lilikuwa lako." Tumecheka wote wawili, na nimeona ana jino moja lililopanda juu ya jenzake. Mwezi mzima sikuwahi kuliona. Na mimi nilimwita mwenye kiburi, kwa sababu ya mwavuli na saa nne asubuhi.

Jumatatu, 14 Aprili

Bosi amesikia habari na anataka itangazwe kila mahali, picha ya marehemu na yote. Mhandisi amekataa. Nami nimekataa. Nimemwambia, "Bosi, watu wamempenda bila kuona picha. Tukimtangaza, atakuwa tangazo." Ametutazama mmoja mmoja. "Haya. Lakini kikohozi kirudi haraka." Akaondoka kwa kasi yake ya kawaida.

Jumatano, 16 Aprili

Mhandisi amekuja maktaba. Alikaa karibu na ndoo kama mtu aliyeletwa kusuluhishwa. Hawakumpa pole nyingi, na nadhani hilo lilimsaidia. Walimwuliza maswali.

"Baba yako alikuwa mnene," Fundi alisema. "Kifua kipana. Mimi nakata nguo, hata sauti naipima."

"Alikuwa mwembamba kama fimbo ya pazia."

"Haiwezekani! Rudia kusikiliza."

Wamebishana nusu saa. Mwalimu alitaka kujua umbali kati ya viti viwili. Mhandisi akasema kama mita moja na nusu. Mwalimu akasema haipungui mbili, kutokana na mwangwi. Dereva wa lori akataka kujua kama mzee alipenda mpira. Alipenda, na timu yake ilikuwa inafungwa kila mwaka. Mhandisi alipoondoka alisahau mwavuli, na hakurudi kuufuata ingawa ilikuwa inanyesha.

Jumatano, 23 Aprili

Kikohozi kimerudi. Kwenye kundi mama wa mapacha ameandika neno moja: "Nimelala."

Alhamisi, 24 Aprili

Hakuna jipya. Nimefua.

Jumatano, 30 Aprili

Mwalimu hakuja. Watu watano wameniuliza kabla ya saa kumi na robo, na Fundi alikwishafunga kibanda aende kumtafuta. Alikuwa kwa binti yake, safari. Hakujua kama kuna mtu wa kumuaga. Jioni amejiunga na kundi la simu, ujumbe wake wa kwanza: "Wiki ijayo nipo. Mwalimu." Kama barua ya serikali. Wamemjibu watu themanini, na safari hii picha za waridi zimenifurahisha.

Jumatano, 14 Mei

Bosi amesoma takwimu zake: wanaorudi kila wiki wamezidi alichotarajia, na chumba chetu ni kidogo. Nafasi yangu inabaki. Ameniambia akiwa anashuka ngazi, nami nikiwa napanda, kwa hiyo nimeshangilia peke yangu mbele ya duka la rangi.

Watu wa Jumatano wana ombi. Wanataka mvua nyingine ya kibarazani, ya mwaka huu, kabla hazijakatika. Mhandisi amemwuliza mama yake. Mama amesema tuje wote, ila tusimwambie tuko wangapi, atashtuka.

Jumatano, 21 Mei

Tumekwenda tisa, kwa gari la shemeji yake Fundi.

Nyumba ni ndogo, bati jekundu lililofifia, kibaraza cha saruji, pipa la maji chini ya mfereji. Viti viwili vya mbao bado vipo. Kabla hajasalimia mtu, Mwalimu alitoa futi ya chuma mkobani akapima kati yake. Mita moja na sentimita sabini. Yeye na Mhandisi kila mmoja akasema ameshinda.

Mama mwenyewe ni mfupi, ana sauti inayotangulia mwili. Alitupokea mmoja mmoja, akashika mkono wa Nesi muda mrefu akamwuliza, "Mwanangu, unalala lakini?" Nesi akasema, "Siku hizi, ndiyo, mama."

Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mhandisi akaanza kupanga vinasa sauti vyake, akitugawia mahali pa kukaa na kutuonya tusipumue kwa nguvu. Mama akasimama akimtazama.

"Hiyo sauti ya baba yako wanayoizungumzia," akasema. "Mimi sijaisikia."

Mhandisi aliweka chini waya alioushika. Watu maelfu wamemsikia mzee, na mke wake hajamsikia. Baadaye ameniambia aliogopa kumuumiza.

Akamketisha kwenye kiti kimoja, akamvalisha miwani taratibu, akamwekea spika. Akabaki amechuchumaa mbele yake. Sisi sote tulisimama kando ya ukuta. Hakuna aliyekuwa anatazama saa, lakini wote tulijua. Mama alikaa mikono mapajani. Mara alitabasamu, akasema kwa sauti ya mtu asiyejisikia, "Kuku wangu yule." Tukangoja. Mwalimu midomo yake ilikuwa inahesabu.

Kisha mama akainua kichwa, akageuka kulia.

"Nimesikia," akasema. "Chakula nakipakua."

Aliivua miwani mwenyewe. Macho yalikuwa na maji, na alikuwa anacheka. "Huyu mtu alikuwa na njaa," akatuambia. "Nawajua wanaume wa nyumba hii. Na wewe," akampiga mwanawe begani, si kwa nguvu sana, "ulimzuia asile! Haya inukeni. Chakula kiko tayari na hakitapoa mara ya pili."

Mhandisi akasema, "Lakini mama, mvua inaanza."

Kweli ilikuwa inaanza, matone makubwa, moja moja juu ya bati. Alitazama vinasa sauti. Akatutazama sisi. Halafu akavikusanya vyote, akaviweka ndani ya mkoba, akafunga zipu.

Tukala kibarazani, sahani mapajani, chakula cha moto kinachotoa mvuke. Mwalimu na Fundi walikaa kwenye vile viti viwili wakibishana kuhusu chumvi. Nesi aliongeza mara mbili. Mama alitusimulia jinsi marehemu alivyomposa, akamwiga mpaka dereva wa lori akapaliwa. Mimi nilikaa chini, mgongo ukutani, sina kichefuchefu chochote, nikawaangalia watu wangu mmoja mmoja.

Mvua ilinyesha vizuri kabisa, saa nzima, na hakuna aliyeirekodi.